Baba, mtangazaji yuko wapi?

Barabara ya kutoka Manyovu kwenda Kigoma Mjini ni mteremko. Unaanzia juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kwenye migomba, kahawa na baridi inayomfanya mzee asivue koti mpaka saa nne asubuhi. Unapita Kalinzi, unashuka Bitale, na ukishafika Mwandiga joto la ziwa linakupiga usoni. Ni takriban kilomita 60 za lami mpaka hapo Mwandiga, halafu mji. Enzi za vumbi na matope, safari hii wakati wa masika ilikula siku nzima na pengine mkalala njiani. Siku hizi mchomoko, gari dogo la abiria, ukijaa mapema, mtu anashuka kutazama mechi ya jioni na usiku huohuo analala kwake.

Naanza na barabara kwa sababu ndiyo iliyotupa mpira wa macho. Kabla yake, sisi wa milimani tulikuwa watu wa mpira wa masikio.

Marehemu baba yangu aliipenda Simba maisha yake yote na hakuiona hata mara moja. Aliisikia. Alikuwa na redio ya mkulima, ya betri, na betri zikichoka alizianika juani juu ya bati ili zimfikishe mpaka kipindi cha pili. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa ikija na kupotea, katikati ikiingiliwa na stesheni za Burundi. Lakini sauti ya mtangazaji Charles Hilary ikishasikika, watu wazima waliokuja kununua maharage walikaa chini wakasahau kilichowaleta. Baba alijua nani anacheza winga ya kulia na nani ana mguu wa kushoto mkali. Sura zao hakuzijua. Picha ya gazeti ikifika Manyovu, imefungia sukari na imechelewa wiki kadhaa, aliikunjua taratibu akaitazama kama mtu anayetambulishwa kwa ndugu wa mbali.

Dar es Salaam ilikuwa mbali kweli. Kutoka Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na kutoka huku juu unaongeza za kwako. Ndiyo maana nasema mapenzi ya watu wa Buhigwe, Kasulu na Kibondo kwa Simba na Yanga ni ya kuheshimiwa. Mtu wa Kariakoo akiipenda Simba anaweza kwenda kumwona mchezaji akishuka kwenye gari pale Msimbazi. Mtu wa Manyovu aliipenda kwa kuambiwa tu. Mwaka 2003 Simba ilipokwenda Cairo na kuitoa Zamalek, bingwa mtetezi wa Afrika, kwa penalti, kipa alikuwa Juma Kaseja, mzaliwa wa Kigoma. Huku kwetu usiku ule watu walipigiana makofi ya salamu ya Kiha kana kwamba kijana ametoka kijijini kwao.

Baadaye zikaja runinga na vibanda umiza. Mabenchi ya mbao, maturubai, jenereta, na watu mia moja katika chumba cha watu thelathini. Mpira ukawa picha. Binti yangu, wa kwanza kuzaliwa nyumbani kwangu, amekulia katika zama hizo. Alianza kukaa kwenye paja langu kwenye kibanda umiza cha kwetu akiwa hajatimiza miaka mitano. Septemba 2019 tulikuwa pale Taifa Stars ilipocheza na Burundi kuwania kufuzu Kombe la Dunia la 2022. Simon Msuva alifunga Bujumbura tukatoka 1-1, Mbwana Samatta akafunga Dar es Salaam ikawa 1-1 tena, tukaenda kwenye matuta. Langoni tena Kaseja. Warundi hawakupata hata penalti moja, sisi tulipata tatu. Ndani ya kibanda kulikuwa na watu waliovuka kutoka Mugina, upande wa pili wa mpaka, wanaozungumza lugha ambayo mimi naielewa bila kufundishwa. Walinyamaza. Mwenye kibanda aliwanunulia soda, na hakuna aliyewazomea. Mpaka wetu ni wa namna hiyo.

Na ni mpaka huo ulionifanya nikae miaka mingi bila kukanyaga Uwanja wa Lake Tanganyika.

Nilikuwa nimeuzoea. Nikiwa kijana nasoma mjini nilikwenda kutazama ligi ya mkoa kila nilipopata kiingilio, na wazee waliokaa jirani yangu walinisimulia enzi za timu ya RTC Kigoma mpaka nikaona ninawajua wachezaji ambao sikuwahi kuwaona. Halafu ukaja mwaka 2015. Aprili ya mwaka ule ilitangazwa kwamba Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi atagombea muhula wa tatu, Mei kukawa na jaribio la mapinduzi, na Warundi wakaanza kukimbia. Wengine walipita huku kwetu Manyovu kwa miguu. Makumi kwa maelfu waliteremkia Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, pasipo na barabara. Meli ya zamani kuliko wazee wetu wote, MV Liemba, ilikuwa ikiwachukua mamia kwa mamia na kuwaleta bandarini Kigoma. Na kabla ya mabasi ya kwenda kambi ya Nyarugusu, walipumzishwa Uwanja wa Lake Tanganyika.

Nilifika pale na wenzangu wa kanisani tukiwa na unga, nguo na sabuni. Majukwaa niliyokuwa nikikaa kula karanga yalikuwa yamejaa akina mama wamelala na watoto wao. Kipindupindu kilikuwa kimeingia. Kiliua watu wapatao 30 kabla ya kudhibitiwa. Binti yangu wakati huo alikuwa na umri wa mwaka mmoja hivi, na kila mtoto wa rika lake niliyemwona amelegea kifuani kwa mama yake nilimwona yeye. Mama mmoja aliniomba kwa Kirundi nimshikie mwanawe akachote maji. Nilimshika. Alikuwa mwepesi mno.

Baada ya hapo watu wakiniambia twende uwanjani nilikuwa na udhuru. Shamba, mgeni, mafua. Julai 25, 2021, fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ililetwa palepale, Simba na Yanga, jambo ambalo baba yangu angekwenda kulitazama kwa miguu kama angekuwa hai. Mji ulifurika. Majirani zangu waliondoka alfajiri wakiimba. Mimi niliitazama kwenye kibanda umiza. Mukoko Tonombe wa Yanga alitolewa kwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza, na kipindi cha pili Taddeo Lwanga akapiga kichwa mpira wa kona, bao moja, kombe la Simba. Nilishangilia pamoja na wenzangu. Kamera ilipoonyesha jukwaa limejaa jezi nyekundu na za njano, nilikuwa natafuta mahali aliposimama yule mama.

Kilichonirudisha ni Mashujaa, na binti.

Mashujaa ni timu ya jeshi, maskani yake Kigoma. Mwaka 2023 iliiangusha Mbeya City katika mchujo na kupanda Ligi Kuu. Ghafla Uwanja wa Lake Tanganyika ukawa na wageni msimu mzima: leo Azam, wiki nyingine Namungo, kesho kutwa Coastal Union. Kwa mtoto wa Dar es Salaam hilo si jambo. Kwa mtoto wa Manyovu maana yake ni kwamba mtu anayemwona kwenye runinga anaweza kumwona akijifunga kamba za viatu, umbali wa nauli ya mchomoko. Shuleni kwao wavulana walianza kujiita Mapigo na Mwendo, jina la utani la Mashujaa, kwenye chandimu zao. Binti yangu hucheza nao. Hudaka. Alianza kupenda ukipa mwaka 2022, pale Serengeti Girls walipofika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 17 kule India, wakiwafunga Ufaransa njiani. Mkoa wetu nao umewahi kuwa na Kigoma Sisters katika Ligi Kuu ya Wanawake, kwa hiyo anapodaka hafanyi kitu cha ajabu.

Aprili 2024 ratiba ya Kombe la Shirikisho, sasa la CRDB, ilileta Simba Kigoma kwa hatua ya 16 bora. Binti aliniuliza kama tutakwenda. Nilitafuta udhuru, nikakosa.

Mama yake alikuwa na wasiwasi, na wasiwasi wake ulikuwa wa haki. Mwaka mmoja kabla, Mei 28, 2023, Yanga ilipocheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger ya Algeria, watu walikanyagana kwenye mageti ya Uwanja wa Benjamin Mkapa. Mtu mmoja alifariki na wengine 30 hivi wakaumia. Hao walikuwa watu wazima, wenye mabega. Mtoto wa miaka 10 kwenye msukumano wa geti ana nafasi gani? Nimefikiri sana juu ya hili na nitalisema waziwazi: tunajenga viwanja vikubwa kwa ajili ya AFCON ya 2027 tutakayoandaa pamoja na Kenya na Uganda, na ni vizuri tujenge. Lakini viwanja vya mikoani, ambavyo ndivyo watoto wengi wa nchi hii watavifikia, vinahitaji vitu visivyogharimu mabilioni. Geti la wazazi wenye watoto. Choo ambacho msichana anaweza kuingia bila kusindikizwa. Maji. Na watu wa kuwatuliza wanaotukana. Timu inayolia kwamba mashabiki hawaji Jumatano ianzie hapo, kwa sababu mama akikataa, baba haji, na mtoto asiyekuja akiwa na miaka 10 haji akiwa na 20.

Tulikubaliana kwamba tutafika mapema sana, kabla ya msukumano, na kwamba nisimwachie mkono.

Ramadhani ilikuwa ukingoni. Mji ulikuwa na utulivu wa watu waliofunga na shamrashamra za watu wanaosubiri sikukuu, vyote kwa pamoja: cherehani zinanguruma, magauni ya watoto yananing'inia sokoni Mwanga, na vijana wenye jezi wamekaa kivulini wakitunza nguvu za kushangilia. Tuliingia uwanja ukiwa bado una nafasi. Nilichagua mzunguko, kwa makusudi upande wa mbali na ule ambako nilikuwa nimemshika mtoto wa watu. Nilimsalimia mzee aliyekuwa amekaa peke yake na fimbo yake, binti akapiga goti akasema shikamoo, mzee akaitika marahaba na kutusogezea nafasi kana kwamba ni sebule yake.

Nilidhani ningetetemeka. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Lakini mtoto hakuachii nafasi ya kutetemeka, maana kila dakika ana swali.

Swali la kwanza lilikuja mpira ulipoanza tu. Aligeuka kulia, akageuka kushoto, akatazama juu kwenye paa la jukwaa kuu.

"Baba, mtangazaji yuko wapi?"

Sikuwa nimewahi kulifikiria. Maisha yake yote mpira ulikuwa na mtu anayeuongelea. Sasa watu 22 walikuwa wakikimbia mbele yake na hakuna aliyemwambia anaitwa nani huyu, katoka wapi huyu, dakika ya ngapi hii. Alisikia vitu vingine: kipa akipiga kelele kwa mabeki wake, kishindo cha viatu viwili vikikutana kwenye mpira mmoja, kocha akifoka. "Kumbe wanaongea!" aliniambia. Kwenye runinga sauti zao humezwa.

La pili lilikuja bao la kwanza lilipoingia. Alikuwa amegeuka kuwatazama vijana waliopanda kwenye matawi ya mti nje ya ukuta. Uwanja ukalipuka, akaruka na kila mtu, kisha akakaa kimya akitazama lango akisubiri.

"Mbona hawarudii?"

Hawarudii, mama. Limepita. Nikamsimulia. Nilisimama nikamwonyesha kwa mikono mpira ulikotokea, nani alimpita nani, kipa alikuwa wapi, na nilijisikia nikipandisha sauti na kuivuta ile irabu ya mwisho kama Charles Hilary kwenye redio ya baba yangu. Yule mzee mwenye fimbo akacheka mpaka akakohoa. "Endelea, bwana," akasema, "na mimi macho yameanza kunisumbua." Basi nikaendelea, nikawatangazia wawili hao mechi iliyokuwa mbele yao, na toka hapo binti hakuondoa macho uwanjani hata sekunde moja. Alikuwa ameelewa kwamba hapa ukikosa, umekosa.

Mimi nilikuwa na jezi nyekundu. Sikuficha na sikuwa na sababu ya kuficha, nusu ya uwanja ilikuwa nyekundu. Yeye alikuwa na sweta la shule la bluu. Nilichukulia kwamba tuko pamoja, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza vinginevyo. Nilipata ushabiki wangu kwa baba, yeye ataupata kwangu, ndivyo inavyokwenda huku. Katikati ya kipindi cha pili nikagundua kwamba kila Simba wanapopoteza mpira anapiga makofi.

"Uko upande gani wewe?"

"Wa hawa wa Kigoma."

Alisema kwa upole, bila ubishi. Nikamkumbusha kuhusu babu yake na redio. Akasikiliza kwa adabu. Kisha akaniambia kwamba kipa wa Mashujaa, wakati wa kupasha misuli, aliokota mpira uliokuja upande wetu na kumtazama yeye. Huyo alimtazama. Nitashindana vipi na jambo hilo? Baba yangu aliwapenda watu ambao kamwe wasingemtazama, na aliwapenda kwa uaminifu unaoniuma mpaka leo. Mtoto huyu ametazamwa mara moja na mambo yamekwisha.

Dakika 90 ziliisha 1-1. Matuta.

Penalti kwenye kibanda umiza unaziona kwa karibu kuliko mpigaji mwenyewe: jasho, jicho, mguu. Uwanjani mtu ni mdogo, yuko mbali, na lango linaonekana kubwa kupita kiasi. Kinachokuja karibu ni watu. Nyuma yangu mtu alikuwa akisoma dua. Mzee alisimama akaegemea fimbo. Binti alinishika mkono kwa mikono yake miwili, na nilikumbuka ahadi niliyompa mama yake ya kutomwachia, nikaona sasa ni yeye anayenishikilia. Kila mpigaji wa Simba alipokwenda nilimwombea, na kila wa Mashujaa alipokwenda nilisikia pembeni yangu "Mungu wangu, Mungu wangu". Mara mbili nilijikuta nasema naye. Hesabu ilipofika sita kwa tano, Mashujaa wamepita, Simba nje.

Nimeumia kwa ajili ya Simba mara nyingi maishani. Ile ilikuwa mara ya kwanza naumia huku mtu ninayempenda kuliko Simba anarukaruka kwa furaha juu ya viatu vyangu. Nilimnyanyua begani ili aone. Alikuwa mzito, mzito wa mtoto wa miaka 10 aliyeshiba ugali wa muhogo na migebuka, na kutoka juu ya bega langu alikuwa akinitangazia: wanakimbia, baba, kipa wamembeba, askari wanacheza, yule mzee anacheza na fimbo! Nilitazama upande wa pili wa uwanja, lile jukwaa. Lilikuwa limejaa watu, nao walikuwa wakiruka. Watoto walionyeshewa mvua na hofu pale mwaka 2015 sasa ni wakubwa kama yeye, waliojaliwa kukua. Wapo waliorudi kwao, wapo waliokuwa bado Nyarugusu, ambako nako walikuwa wakipiga chandimu. Nilipenda kufikiri kwamba mmoja wao anadaka.

Safari ya kupanda mlima usiku ule ilikuwa ya ubishi. Ndani ya mchomoko tulikuwa wengi kuliko viti, watu wa Simba wakilalamikia refa, watu wa Yanga wakitucheka, na dereva akisema yeye ni wa Mashujaa tangu zamani, jambo ambalo hakuna aliyeliamini. Binti alishinda ubishi mmoja kwa sababu alikumbuka mpangilio wote wa wapigaji. Mtu mzima alimwuliza umejuaje. "Nilikuwepo," alimjibu.

Novemba mwaka huohuo Simba walirudi Kigoma kwenye ligi. Hatukwenda, fedha ilikuwa imeingia kwenye mbolea. Tulikaa kibandani, na ndani kabisa ya dakika za nyongeza Steven Mukwala akaruka akapiga kichwa, Simba 1-0. Nilipiga kelele kama kawaida yangu. Yeye alitoka nje akakaa kwenye jiwe. Nilimfuata, nikamwambia pole, na nilimaanisha. Akaniuliza kama kipa angeweza kuufikia mpira ule. Nilimwambia walivyouonyesha kwenye marudio asingeweza. Akasema marudio hayaonyeshi kipa alikuwa anamwambia nini beki wake.

Tangu hapo ana daftari. Humo ameandika mechi za nyumbani za Mashujaa, nauli ya kwenda, nauli ya kurudi na kiingilio. Mdogo wake wa kiume naye anataka kwenda, na ameshatangaza kwamba yeye ni Yanga, sijui kwa mafundisho ya nani. Mama yao ameuliza kama choo kile cha wanawake kina mlango unaofungika, swali ambalo kwa mara ya kwanza linaonekana kuwa la mtu anayefikiria kuja. Maharage ya msimu huu yakilipa, tutakuwa wanne.